Jua hunywa maji na kuacha chumvi: Vitenzi vinavyotunza bwawa

Mwalimu mmoja wa sayansi kutoka Biliqo, kaunti ndogo ya Merti, Isiolo, ameniuliza maswali mawili. La kwanza: Kiswahili kinakiitaje kile kiwango cha chumvi kilichomo majini? La pili: je, ni sawa kuwaambia wanafunzi kwamba maji ya birika la mifugo yameongezwa chumvi, ilhali hakuna mtu aliyetia humo hata chembe moja?

Swali la kwanza ni la msamiati, na nitalijibu kwa ufupi. La pili ndilo zito. Linamgusa mfugaji wa ng'ombe wa Biliqo, mfugaji wa samaki wa Mtwapa na mvuna chumvi wa Gongoni kwa pamoja. Ukikosea jibu lake, mifugo hukataa maji na samaki hufa bwawani. Kumbe shida yenyewe huanzia kwenye kitenzi!

Tuanze na msamiati. Chumvi tunaijua sote. Watu wa Lamu huiita munyu, na neno hilo limo katika kamusi zetu. Kiwango chake majini wengine hukiita uchumvi, nao waandishi wa vitabu vya kemia hupenda kusema ukolezi. Mimi napendelea ukolevu wa chumvi, na sababu yangu ni ya kisarufi. Kitenzi potea hutupa nomino upotevu, ambayo ni hali. Poteza hutupa upotezaji, ambalo ni tendo la mtu. Vivyo hivyo, kolea hutupa ukolevu, lakini ukolezi hutokana na koleza, nako kukoleza kunahitaji mkolezaji. Sasa hebu tazama swali la pili la mwalimu. Pale birikani hakuna aliyekoleza, lakini maji yamekolea. Tofauti ya kitenzi cha hali na kitenzi cha tendo ndiyo sayansi yote tunayoitafuta.

Mpishi yeyote anaifahamu tofauti hii. Weka mchuzi wenye chumvi ya kiasi jikoni, usahau sufuria juu ya moto kwa nusu saa, kisha onja. Utakunja uso. Chumvi haikuongezeka, ni ileile uliyotia kwa kijiko. Kilichopungua ni maji. Kwa hiyo tuna mambo mawili ambayo hatufai kuyachanganya: wingi wa chumvi, yaani kilo ngapi zimo, na ukolevu wa chumvi, yaani gramu ngapi zimo katika kila lita. Wingi unaweza kubaki palepale huku ukolevu ukipanda au kushuka.

Kabla sijaendelea, nitoe tahadhari kuhusu istilahi moja inayowapotosha wasomaji wa bara. Katika lugha ya uvuvi, maji baridi maana yake ni maji yasiyo na chumvi, kama ya mto au ya Ziwa Viktoria. Hayana uhusiano na jokofu. Ukimwambia kijana wa Isiolo aongeze maji baridi bwawani, huenda akayatafuta yaliyopozwa. Katika makala haya nitasema maji matamu, hata kama hayana sukari, kwa sababu hapo wa pwani na wa bara wataelewana.

Haya basi, twende bwawani. Katika vijiji vya kaunti za Kilifi na Kwale, vikundi vya wenyeji hufuga mwatiko katika mabwawa ya maji ya bahari yaliyochimbwa karibu na mikoko. Mabwawa haya yako nje, juani na mvuani, na kazi mojawapo ya mfugaji ni kuhakikisha ukolevu wa chumvi hauyumbiyumbi. Chukua bwawa la mfano la lita 10,000. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo bwawa letu lina kilo 350 za chumvi. Majuma mawili matatu ya jua la kaskazi yanapita, na lita 2,000 zinaondoka kama mvuke. Zimebaki lita 8,000, lakini zile kilo 350 ziko palepale. Ukolevu umepanda hadi karibu gramu 44 kwa lita.

Mfugaji anakuja, anaona alama yake ya maji imeachwa juu, naye anakumbuka agizo ambalo limezoeleka katika maelezo ya kazi: "Maji yakipungua, jaza tena hadi alama." Lijaze kwa maji gani? Agizo halisemi. Bwawa ni la maji ya bahari, basi anajaza maji ya bahari. Lita zake 2,000 zinakuja na kilo 70 za chumvi mpya. Sasa bwawa limejaa, linapendeza, na lina kilo 420. Ukolevu ni gramu 42 kwa lita. Hakurudi kwenye 35 alikoanzia. Akirudia hivyo mara 5, bwawa litakuwa na kilo 700 za chumvi, yaani gramu 70 kwa lita, maradufu ya bahari yenyewe. Na kila mara alama ya maji ilikuwa inamwambia kwamba mambo ni sawa!

Mwatiko ni samaki mvumilivu, anaweza kuishi katika maji matamu na hata katika maji yaliyokolea kuliko bahari. Lakini uvumilivu una gharama. Samaki huyo hutumia nguvu kupambana na chumvi badala ya kukua, na maji yaliyokolea tena yenye joto hubeba oksijeni kidogo. Kamba hawana hata uvumilivu huo. Tena, badiliko la ghafla huumiza viumbe hawa kuliko badiliko la polepole, ndiyo maana tunasema ukolevu uwe thabiti.

Tatizo liko katika kitenzi pungua. Ni kitenzi kizuri lakini ni kivivu: kinatuambia maji ni machache kuliko jana, hakituambii yameondokaje. Kiswahili hakikosi vitenzi vya kutuambia. Maji huvuja, yaani hupita kwenye ufa wa tuta au chini ya mlango wa bwawa. Maji hufurika, yaani hupita juu ya ukingo. Maji ya pwani hupwa, yakarudi baharini. Maji hunywewa na mifugo. Katika hali hizi zote maji huondoka na chumvi yake. Upande wa pili, maji huvukizwa, au kama wasemavyo wengi, hukaushwa na jua. Hapo maji huondoka peke yake na chumvi hubaki nyuma.

Ningependa mwanafunzi akumbuke sentensi mbili tu. Ng'ombe hunywa maji pamoja na chumvi yake. Jua hunywa maji na kuacha chumvi.

Sheria ya kutunza bwawa inatoka moja kwa moja katika sentensi hizo. Yaliyochukuliwa na jua, rudisha kwa maji matamu. Yaliyovuja, rudisha kwa maji ya chumvi yenye ukolevu uleule. Tulijaribu jua kwenye bwawa letu: lita 2,000 za maji matamu zikiingia, kilo 350 zinagawanywa tena kwa lita 10,000, na tunarudi kwenye gramu 35 barabara. Sasa tujaribu uvujaji. Lita 2,000 zikivuja, zinaondoka na kilo 70. Zinabaki kilo 280 katika lita 8,000, na ukolevu bado ni 35. Hapo ukiongeza maji matamu utashuka hadi 28. Kwa hivyo dawa ya upande mmoja ni sumu ya upande wa pili, na anayejua tu kwamba maji yamepungua hawezi kuchagua dawa.

Ajabu ni kwamba vitenzi hivi viwili, vuja na vukiza, hukaa karibu kabisa katika kamusi na hufanana masikioni. Niliwahi kusahihisha insha ambamo mwanafunzi aliandika kwamba maji ya bahari huvuja na kuwa mawingu. Darasa lilicheka. Mkulima akipewa kosa hilohilo katika kijikaratasi cha mafunzo, hatacheka.

Mvua nayo huja na kitenzi chake. Watu husema bwawa limejaa, nao hufurahi. Lakini maji ya mvua ni matamu na mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu kwa muda kama mafuta juu ya mchuzi, hasa upepo ukiwa umetulia. Mfugaji mwerevu huifungua sehemu ya juu ya mlango wa bwawa ili tabaka hilo lifurike litoke kabla halijachanganyika. Akifungua kutoka chini, atamwaga maji ya chumvi aliyotaka kuyahifadhi na kubaki na ya mvua.

Kisha kuna mwezi. Wenyeji wa pwani hutofautisha bamvua na maji mafu. Bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu ni ya katikati, wakati bahari haipandi sana wala haishuki sana. Mabwawa mengi hubadilishwa maji wakati wa bamvua, kwa kuwa ndipo bahari inapoyafikia. Siku za maji mafu bwawa hukaa bila maji mapya, na jua huendelea kunywa. Maneno hayo mawili ya kale basi ni ratiba ya kupima chumvi: pima mara nyingi zaidi siku za maji mafu, hasa kaskazi ikiwa kali.

Wavuna chumvi wa Gongoni na Marereni, kaskazini mwa Malindi, huifuata sheria hiyohiyo kwa kusudi la kinyume. Wao wanataka ukolevu upande. Maji ya bahari huongozwa kutoka jaruba moja hadi jingine, na jua hupewa nafasi ya kunywa. Katika majaruba ya kati hutuama jasi. Chumvi ya kula huanza kuganda baada ya takriban sehemu 9 kati ya 10 za maji kuondoka. Lakini hata wao hawaachi maji yakauke kabisa. Maji ya mwisho yana magnesi nyingi na ni machungu, kwa hiyo humwagwa ili yasiiharibie chumvi ladha.

Sasa tutoke pwani turudi bara, kwa sababu sheria hii haihitaji bahari. Inahitaji jua na chombo chochote kinachoingiza maji yenye chumvi, hata kidogo. Angalia maziwa ya Bonde la Ufa. Ziwa Magadi halina mto unaotoka. Njia kubwa ya maji yake kuondoka ni jua, na jina lake linaeleza yaliyobaki. Ziwa Elementaita nalo lina chumvi. Ziwa Naivasha, hapo jirani, halina mto unaotoka vilevile, lakini maji yake ni matamu. Mbona? Kwa sababu Naivasha huvuja! Sehemu ya maji yake hupenya chini ya ardhi na kwenda zake na chumvi. Tumezoea kudhani kuvuja ni hasara, kumbe ndiko kulikoliokoa ziwa zima. Na kinyume chake tumekiona Nakuru, ambako maji yalipopanda miaka ya 2010 ukolevu ulishuka, na heroe wengi, wale ndege wa waridi, wakahamia maziwa mengine kwa kuwa chakula chao hustawi katika maji yaliyokolea.

Na Biliqo? Hapo ndipo swali lilipotoka, na nilifika mwenyewe wakati wa kiangazi. Eneo la Merti lina hazina kubwa ya maji ya chini ya ardhi, inayoanzia huko na kuelekea Habaswein, Dadaab hadi Liboi mpakani. Sehemu za katikati ya hazina hiyo zina maji mazuri. Ukielekea pembezoni, chumvi huongezeka. Huku juu, mvua haifiki nusu mita kwa mwaka, na jua la maeneo hayo linaweza kunywa zaidi ya mita 2 za maji kutoka kwenye uso wa bwawa katika muda huohuo. Kwa hiyo birika la kisima cha Biliqo ni bwawa la maji ya chumvi, dogo tu, na lisilokusudiwa.

Nilikuta mabishano birikani. Kijana wa pampu alitaka kuongeza maji juu ya yale ya siku tatu zilizopita, kwa kuwa dizeli ni ghali. Mzee aliyekuwa aba herega, yaani msimamizi wa zamu za kunywesha, alikataa.

"Mzee wangu, hayo maji si yako hapo?" kijana akauliza. "Tunamwaga ya nini?"

"Hayo ng'ombe ataonja, ataacha," mzee akajibu. "Mwaga kwanza, osha, ndiyo ujaze."

Kumwaga maji Biliqo ni jambo linalouma, na kijana hakuwa mjinga. Hebu tumpigie hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kisima kina gramu 2 za chumvi kwa lita na birika huongezwa lita 100 kila siku. Ng'ombe wakiwapo, wanywe lita 90 na jua linywe 10, basi chumvi ya lita 100 inaondoka ndani ya lita 90 za ng'ombe. Ukolevu hupanda kidogo sana, hadi gramu 2.2. Lakini ng'ombe wakihamia malisho ya mbali, wakabaki mbuzi wachache wanaokunywa lita 10 huku jua likinywa 90, mambo yanageuka. Siku baada ya siku chumvi itajikusanya, mpaka lita hizo 10 zibebe chumvi ya lita 100. Huko ni gramu 20 kwa lita, zaidi ya nusu ya bahari. Miongozo inayotumiwa sana kuhusu maji ya mifugo huonya dhidi ya maji yanayozidi gramu 10 kwa lita, na hata chini ya hapo wanyama wenye mimba na wanaonyonyesha huwa hatarini. Mtu, kwa upande wake, huanza kuchukizwa na ladha yanapopita gramu 1 hivi.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi, na kijana alikuwa na hoja. Jibu linalowapatanisha ni kutolipa jua nafasi ya kunywa: jaza kile tu ambacho wanyama watamaliza siku hiyo, tumia birika jembamba lenye kina badala ya pana, lifunike au litie kivuli, na likibaki na maji, yamwagwe yangali machache. Wenye mabwawa ya pwani wanaweza kuazima sehemu ya dawa hiyo, kwani bwawa lenye kina huyumba polepole kuliko lile la kina kifupi.

Utajuaje kama maji yamevuja au yamevukizwa? Kuna kipimo cha ndoo. Jaza ndoo maji ya bwawa lilelile, iweke ndani ya bwawa ukingo wake ukiwa juu ya maji, na utie alama kwenye ndoo na kwenye mti uliosimikwa bwawani. Chagua siku zisizo na mvua, na mnyama asikaribie. Baada ya siku mbili tatu soma alama zote mbili. Ndoo haivuji, kwa hiyo kilichopungua humo kimechukuliwa na jua. Bwawa likiwa limeshuka sawasawa na ndoo, ongeza maji matamu. Likiwa limeshuka zaidi, tofauti hiyo imevuja, na sehemu hiyo irudishwe kwa maji ya chumvi. Halafu uzibe ufa. Mwenye kifaa cha kupimia chumvi apime kabla ya kuongeza maji na baada ya kuyachanganya vizuri, tena aongeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Basi mwalimu, jibu langu la ubaoni ni hili. Usiandike kwamba maji yameongezwa chumvi, kwa maana hakuna aliyeongeza. Andika kwamba maji yamekolea chumvi kwa sababu jua limeyapunguza. Na kwa wanaotafsiri vijitabu vya ufugaji, afisini na mashambani, naomba ile sentensi ya "maji yakipungua, jaza tena" ifutwe. Mahali pake pawekwe tatu: Maji yakivukizwa, ongeza maji matamu. Maji yakivuja, ziba kisha ongeza maji ya chumvi. Mvua ikijaza, toa maji ya juu. Ni maneno machache kupita kiasi, najua, na karatasi itakuwa ndefu kidogo. Lakini mkulima atakayeisoma atajua ni ndoo gani ashike.